Kimya Nacho ni Wosia

Mtu akifariki Handeni au Korogwe bila kuandika chochote, wazee wa matanga husema, "Marehemu hakuacha wosia." Kauli hiyo imekaa vinywani mwetu hata hatuisikii tena. Naipinga. Kila anayekufa na mali huacha wosia. Mmoja ameuandika mwenyewe akiwa na akili timamu. Mwingine amewaachia wengine wamwandikie, nao ni watu ambao hawakupata kuijua nyumba yake, mkewe wala watoto wake. Amekaa kimya, na kimya chake kitasomwa mahakamani kana kwamba ni maneno yake.

Makala haya nawaandikia hasa wanandoa ambao watoto wao wamekwisha kukua. Mjane mwenye watoto wachanga huonewa huruma na jirani, na hata shemeji mwenye tamaa huona aibu kuwatoa nje. Mjane mwenye watoto wakubwa hana ulinzi huo. Yeye huambiwa, "Una watoto, watakutunza," na kwa sentensi hiyo moja nyumba aliyoijenga kwa miaka thelathini humtoka mikononi. Watoto wakubwa nao wana wake, waume, wakwe, mikopo na madai yao. Penye watoto wachanga kuna swali la malezi. Penye watoto wakubwa kuna pande, na kila upande una hoja.

Tuanze na waandishi wa huo wosia wa kimya. Wa kwanza ni Serikali yetu wenyewe. Mwaka 1963, miaka miwili baada ya Uhuru, ilitolewa Amri ya Tamko la Sheria za Mila Namba 4, iliyotangazwa kwa Tangazo la Serikali Namba 436. Ndani yake zimo kanuni za urithi za jamii zinazofuata ukoo wa baba. Mtoto wa kwanza wa kiume wa nyumba ya kwanza amewekwa daraja la juu, wanaume wengine daraja la pili, na mabinti daraja la mwisho. Ardhi ya ukoo binti ataitumia lakini hataiuza, isipokuwa ukoo ukikosa mwanamume. Na mjane? Mjane hana fungu ikiwa marehemu ameacha jamaa wa ukoo wake. Fungu lake, inasema kanuni, ni kutunzwa na watoto wake kama alivyowatunza wao.

Isomeni tena kanuni hiyo kwa utulivu. Imeandikwa kwa lugha ya upendo, lakini kazi yake ni kumgeuza mwenye nyumba kuwa mgeni wa wanawe. Mama aliyelima mahindi Sindeni, akauza machungwa Kabuku, akalipa ada za shule, leo ategemee chumba cha kupanga cha kijana wake Dar es Salaam ambaye mwenyewe hajui atalipaje kodi ya mwezi ujao. Kutunzwa ni fadhila, na fadhila haina mahakama. Mtoto akichoka, mama atamshitaki wapi?

Mwandishi wa pili ni dola la Kiingereza nchini India. Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865 ndiyo inayotumika hapa kwetu kwa mtu asiyehesabiwa kuwa chini ya mila wala chini ya sheria ya Kiislamu. Hiyo humpa mjane mwenye watoto theluthi moja, na theluthi mbili wanagawana watoto sawasawa. Mwandishi wa tatu ni sheria ya Kiislamu, ambayo humpa mjane thumni, yaani sehemu moja ya nane, ikiwa mumewe ameacha mtoto. Wakiwa wajane wawili au zaidi wanagawana thumni hiyohiyo.

Fanyeni hesabu. Mume ameacha mali ya shilingi milioni 24, ana mke mmoja na watoto wanne. Chini ya sheria ya 1865 mjane anapata milioni 8. Chini ya sheria ya Kiislamu anapata milioni 3. Chini ya Tangazo la 1963 hapati kitu. Ni mwanamke yuleyule, nyumba ileile, jasho lilelile. Ni sheria ipi itakayosema? Mahakama itauliza marehemu alikuwa wa kabila gani, dini gani, na aliishi maisha ya namna gani. Swali hilo linamhusu mtu mmoja tu anayeweza kulijibu vizuri, naye yuko kaburini.

Pengine wilaya nyingine zinaweza kujidai kwamba jibu linajulikana. Sisi hatuwezi. Wazigua wa Handeni, kama Waluguru na Wakaguru, kwa asili ni watu wa ukoo wa mama: mali ya mwanamume ilielekea kwa wapwa zake, watoto wa dada, na watoto wake mwenyewe walitazamia mali kwa mjomba. Wasambaa wa Korogwe hufuata ukoo wa baba. Juu ya mila zote mbili umekuja Uislamu, na pembeni yake makanisa. Kisha ukaja mkonge. Mashamba ya Korogwe yalikusanya manamba kutoka Kigoma, Iringa, Songea na hata nje ya mipaka. Wengi hawakurudi kwao. Walioa hapa, wakajenga hapa, wakazikwa hapa. Mzee wa namna hiyo akifa, "ukoo" unaoitwa kwenye kikao ni baba mdogo aliyeshuka kwenye basi jana, hajui njia ya kwenda shambani, lakini anapewa kiti cha mbele na kuulizwa nani awe msimamizi wa mirathi.

Na Handeni haijamaliza kupokea watu. Tangu katikati ya mwaka 2022 familia kutoka Ngorongoro zimehamishiwa Msomera na kupewa nyumba na mashamba. Yako mengi ya kujadili kuhusu uhamisho huo, na nimepata kuyajadili na wanafunzi wangu. Hapa nauliza jambo moja tu: mwenye jina kwenye karatasi ya nyumba hizo akifa, mila ipi itasomwa? Ya alikotoka, ya alikohamia, au ya 1963?

Katika mchanganyiko kama huu, kusema "tutafuata mila" ni kusema "tutafuata mwenye sauti kubwa." Mila hasa ilikuwa na wazee waliokujua, shahidi waliokuona ukilima, na wajibu uliokwenda pamoja na mali: aliyerithi shamba alirithi pia wagonjwa na yatima. Siku hizi wajibu umeachwa porini, mali peke yake ndiyo imeletwa nyumbani. Wanaoitetea mila hiyo iliyokatwa nusu hawatetei mila. Wanatetea ile nusu yenye faida kwao.

Sasa tazameni kioja kikubwa zaidi cha sheria zetu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 huiruhusu mahakama kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja pale ndoa inapovunjwa. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango katika kuchuma mali. Bi Hawa mwenyewe hakuambulia kitu siku ile kwa sababu nyingine, lakini kanuni ilisimama na imewasaidia wanawake wengi tangu hapo. Maana yake nini? Mwanamke akiachwa, jasho lake lina thamani mbele ya hakimu. Mwanamke huyohuyo akivumilia, akamuuguza mume, akamfumba macho, na mirathi ikaangukia Tangazo la 1963, jasho lake halina thamani. Sheria inamwambia mke mwaminifu kwamba angekuwa na hali bora laiti angeomba talaka mapema. Sijui tusi kubwa zaidi kwa ndoa kuliko hilo, na sijasikia likikemewa misikitini wala makanisani.

Tumeonywa. Wajane wawili wa Shinyanga, waliofiwa na waume zao mwaka 1999 na 2000 na kutolewa majumbani na shemeji zao, walikwenda Mahakama Kuu kuomba kanuni za 1963 zitenguliwe. Mwaka 2006 Mahakama ilikiri kwamba kanuni hizo ni za kibaguzi, lakini ikakataa kuzifuta. Mwaka 2010 rufaa yao ilianguka kwa kasoro ya nyaraka. Wakaenda hadi kwenye Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, na mwaka 2015 Kamati ikaamua kwamba Tanzania imekiuka haki zao na kuitaka irekebishe sheria. Kabla ya hapo, mwaka 2007, tulikuwa tumeridhia Itifaki ya Maputo, ambayo humpa mjane haki ya fungu la haki katika mali ya mumewe na haki ya kuendelea kuishi katika nyumba ya ndoa. Katiba yetu nayo, ibara ya 13, inakataza ubaguzi, na ibara ya 24 inalinda mali. Karatasi tunazo za kutosha. Tunachokosa ni Serikali yenye aibu.

Wanaharakati wenzangu watasema: basi tuendelee kudai sheria ibadilishwe, hayo ya wosia ni suluhisho la mtu mmojammoja. Nakubali nusu. Tudai sheria moja ya mirathi, tena kwa kelele. Lakini mjane wa Kwamatuku hawezi kuahirisha msiba wake mpaka Bunge lipate nafasi. Na tusisahau jinsi ushindi wetu mkubwa wa mahakamani ulivyoanza. Holaria Pastory wa Kagera alirithi shamba la ukoo kutoka kwa baba yake kwa njia ya wosia. Alipoliuza mwaka 1988 kwa mtu asiye wa ukoo, mpwa wake akamshitaki. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya, Mahakama Kuu ya Mwanza, akaamua kwamba mwanamke ana haki ya kuuza ardhi ya ukoo kama mwanamume. Tunamsifu jaji, na anastahili. Tumsifu pia yule baba, ambaye jina lake halitajwi kwenye warsha zetu. Kalamu yake ndiyo iliyomweka binti shambani. Kalamu ya jaji ilimlinda akiwa tayari yumo.

Zipo sababu tunazozitoa za kutoandika. Nizijibu.

Ya kwanza: kuandika wosia ni kujichulia. Wanaosema hivyo hulipa bima ya pikipiki na hawaogopi kwamba wamejichulia ajali. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mficha mali naye huumbuliwa vilevile, na wanaoumbuka zaidi ni aliowaacha.

Ya pili: watoto wetu wamesoma, hawatagombana. Elimu haiondoi ugomvi wa mirathi. Huubadilisha sura tu: badala ya mapanga huja mawakili, na badala ya wiki moja huchukua miaka kumi. Hapa pana jambo ambalo wazazi wengi hulikwepa. Kijana amejenga nyumba ya matofali kwenye kiwanja cha baba yake Manundu. Nyumba ni ya nani? Binti ameacha kazi akarudi kumuuguza mama miaka minne, huku kaka zake wakituma salamu na vocha. Huduma hiyo ni sadaka au ni deni? Mmoja alikopeshwa fedha za kununua bodaboda, mwingine alisomeshwa chuo kwa kuuzwa ng'ombe wa wote. Mambo hayo wanayajua watu wawili tu, baba na mama. Wakifa bila kuyasema, watoto watayasimulia kila mmoja kwa namna inayompendeza.

Ya tatu: dini imeshagawa. Imegawa, lakini imegawa mali ya marehemu. Haikusema popote kwamba mali ya mke ni mali ya marehemu. Kabla ya thumni kuna gharama za mazishi, kuna madeni, na mahari ambayo haijalipwa ni deni kama deni jingine. Mwislamu anaruhusiwa kuusia hadi theluthi moja kwa wasio warithi, na anaruhusiwa kutoa hiba akiwa hai. Hivyo Mwislamu ana mengi ya kuandika: kipi ni changu, kipi ni cha mke wangu, nadaiwa na nani, na theluthi yangu iende wapi. Anayetumia Kurani kama sababu ya kutoandika chochote anaisingizia Kurani uvivu wake.

Ya nne haisemwi kwa sauti: mume ana nyumba nyingine na mtoto mwingine, na wosia utamlazimisha kusema. Hiyo ndiyo sababu ya kweli kwa wengi, na kwa hao sina maneno laini. Yule mtoto atakuja matangani, akiwa na sura yako, mbele ya mke wako aliyevaa kaniki. Utakuwa umemwachia mkeo msiba juu ya msiba, na mtoto wako aibu asiyoitenda.

Wanandoa wafanye nini basi? Nasema: wosia wawili, meza moja. Mume aandike wake na mke aandike wake, kila mmoja kwa mali yake na fungu lake, lakini wakae pamoja wakubaliane. Mume anayeandika peke yake gizani huku akiorodhesha shamba la mkewe kama la kwake hajaandika wosia. Ameandika dai la uongo.

Kabla ya wosia wakague majina. Sheria ya Ndoa huchukulia kwamba mali iliyo katika jina la mwanandoa mmoja ni yake peke yake mpaka ithibitishwe vinginevyo, na iliyo katika majina ya wote wawili ni yao kwa usawa. Handeni ilikuwa miongoni mwa maeneo ya majaribio ya MKURABITA, na hatimiliki za kimila zimetolewa katika vijiji vyetu. Nendeni mkazitoe kwenye sanduku mtazame: jina ni la nani? Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke ardhi, lakini karatasi yenye majina mawili inasema hivyo kwa haraka kuliko wakili.

Kisha waandike kwa utaratibu. Kwa wosia wa kimila, anayejua kusoma na kuandika anahitaji mashahidi wasiopungua wawili wanaojua kusoma na kuandika, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki. Asiyejua anahitaji wanne, wawili na wawili. Kwa sheria ya 1865 mashahidi ni wawili, na shahidi aliyeandikiwa mali katika wosia huo hupoteza alichoandikiwa, kwa hiyo msimwite mrithi kushuhudia. Mteueni msimamizi kwa jina, kwa sababu msimamizi asiyeteuliwa nanyi atateuliwa na kikao. Nakala ihifadhiwe mahali pa kuaminika. RITA, ambayo wengi tunaijua kwa vyeti vya kuzaliwa, huandika na kuhifadhi wosia.

Mwisho, na hapa najua nitapingwa, wasomeeni watoto wenu. Watoto wakubwa wana haki ya kusikia kutoka vinywani mwenu kwa nini nyumba inabaki kwa mama mpaka siku yake, kwa nini binti amepewa shamba la mtoni, kwa nini aliyejenga kiwanjani ametambuliwa. Wakasirike mkiwa hai, mwajibu. Hasira ya mtoto mbele ya wazazi wake hupoa kwa maelezo. Hasira hiyohiyo juu ya kaburi huwa kesi. Wosia wa siri humlinda mwandishi dhidi ya maswali. Haumlindi mjane dhidi ya chochote.

Watumishi wa umma mna neno lenu. Wengi wenu mnaamini kwamba jina mlilojaza kwenye fomu ya ajira au ya benki siku ile mlipoanza kazi ni wosia. Fomu ile haigawi nyumba wala shamba. Wengine mlijaza jina la mama yenu kabla ya kuoa, na hamjaigusa tena. Nanyi mnaokaa kwenye masijala na mahakama za mwanzo: msimuulize mjane muhtasari wa kikao cha ukoo kwa ukali kana kwamba ukoo ndio uliofunga naye ndoa. Msimamizi anatakiwa kuwasilisha orodha ya mali na hesabu mahakamani ndani ya miezi minne. Wadaini hesabu hizo wasimamizi kwa ukali uleule.

Wanafunzi, ninyi mtaniambia kwamba hamna mali. Mna wazazi. Nendeni likizo mkawaulize, kwa adabu, kuhusu mama. Msianze kwa "Baba, mimi utaniachia nini?" Semeni, "Baba, siku Mungu akikuita, nani atamwambia mama ahame?" Baba akijibu kwamba hakuna atakayethubutu, mwambieni aliandike hilo, alitie sahihi, na aite mashahidi wawili.